Tarehe Moja Mwezi wa Kwanza

Nimesema uongo ule ule katika miji mitatu ya Marekani, na mara zote tatu niliaminiwa. Louisville nilimwambia karani wa shule kwamba binti yangu amezaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza, mwaka 2002. Columbus nikasema hivyo hivyo. Buffalo hata sikupata nafasi ya kusema. Mtoto alinitangulia, akaitaja tarehe mwenyewe kwa Kiingereza, upesi upesi kama anatema mbegu za chungwa. Karani akacheka, akasema mtoto ana akili. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kwenye karatasi anaitwa Fides na ana miaka kumi na minne. Nyumbani namwita Kanyana, naye anadhani ni jina la kubembelezwa tu. Ukweli ni kwamba Kanyana ndiye yeye. Fides alikuwa dada yake, mtoto wangu wa kwanza, aliyekufa kwa malaria kambini Mtabila, kule Kasulu, kabla hajafikisha miaka mitatu.

Tulimzika asubuhi. Mchana wa siku ile ile mume wangu, Sylveri, alisema tusiende kumfuta kwenye kadi ya posho. Nilimtazama kama mwendawazimu. Lakini si posho aliyokuwa akiiwaza. Faili letu la kwenda Marekani lilikuwa limeshafunguliwa na lilikuwa na watu watatu, na sote tulijua faili likiguswa linarudi chini ya rundo. Chini ya rundo lile kulikuwa na watu walioingia kambini wakiwa vijana, sasa wana wajukuu. Basi tukanyamaza. Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, akazaliwa Kanyana, na hatukumwandikisha popote. Alikaa tu palipokuwa wazi.

Siku ya mahojiano ya safari, bwana aliyetuhoji alimtazama mtoto, akatazama karatasi, akauliza mbona mdogo hivi. Nikasema hakui vizuri. Akaandika: utapiamlo. Neno hilo lilitusaidia kuliko maombi yote ya mkesha, Mungu anisamehe.

Tarehe tulimfundisha kabla hajajua kuhesabu. Kila akiamka: umezaliwa lini? Na mimi, mama yake, nilimwongezea maneno yangu: "Ukikosea, watatutenganisha." Mtoto wa miaka minne hasahau kitu cha namna hiyo.

Tulifika Louisville mwezi wa kumi na moja, 2010. Mtoto wa miaka mitano wakamweka darasa la tatu, na mwalimu akamletea mto wa kukalia ili aifikie meza. Mwaka 2012 tukahamia Columbus kumfuata Sylveri na kazi yake ya ghala. Kule ndiko tulikochokana. Hakunipiga, hakuninyima chakula. Tulifika tu mahali kila mmoja akimtazama mwenzake anakumbuka kile tulichokifanya. Yeye akabaki Hilliard, pembeni ya Columbus, mimi nikachukua mtoto na masanduku mawili nikaja Buffalo mwaka 2014, kwa sababu niliambiwa huku kazi zipo na nyumba za mtaa wa Riverside si ghali. Kazi zipo, kweli. Kuhusu kuongea na mtu, hilo sikuambiwa.

Kiwandani tunapanga biskuti kwenye maboksi. Mashine zina kelele za kuua, hivyo hatusemi, tunaonyeshana vidole. Viwili: leta utepe wa kufungia. Vitano: boksi limepasuka. Mikono yote juu, vidole kumi: simamisha, kuna kitu hakiko sawa. Nimefanya kazi miaka miwili karibu na mama mmoja wa Puerto Rico, nampenda sana, na mpaka leo sijui sauti yake ikoje.

Aprili ya 2016 Kanyana alikuwa darasa la nane. Septemba angeingia shule ya sekondari, pamoja na wavulana wenye ndevu. Kila nilipopiga simu shuleni kupitia mkalimani, mwalimu alisema mtoto yuko vizuri, hasumbui. Hasumbui! Hata kiti hakisumbui.

Siku moja alisahau koti, na nje theluji ilikuwa imerudi, kama kawaida ya Buffalo isiyojua majira. Nikampelekea mchana. Wakanielekeza kwenye ukumbi wa chakula, nikamwona kabla hajaniona. Wasichana wa darasa lake walikuwa warefu, na vifua vyao na rangi za kucha, wanacheka hadi wanalala juu ya meza. Wangu alikuwa mwisho kabisa wa meza nyingine, miguu haifiki chini, anakula mkate wake polepole ili usiishe. Kwenye kiti cha jirani alikuwa ameweka mkoba wake.

Jioni nikamuuliza, "Ulikuwa unamshikia nani kiti?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku hizi, na hili nililielewa vizuri kuliko nilivyotaka. Alisema hamshikii mtu. Anaweka mkoba ili watu wadhani kuna mtu anakuja.

Nilikwenda bafuni nikafungua maji, nikalia. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Ningemwambia nani, na ningeanzia wapi?

Jumapili iliyofuata Mchungaji Gakunzi alitangaza kwamba tuna mgeni. Ni mwanamke wa papa hapa Riverside, Bi. Pawlak, aliyefundisha watoto wadogo miaka thelathini na sasa anagombea kiti kwenye bodi ya shule za mji. Nilidhani atatuomba kura, na nusu yetu hatukuwa nazo, bado tunangoja uraia. Mimi mwenyewe mahojiano yangu ya uraia yalikuwa mwezi wa sita. Alipanda mbele na sweta lililotoka nyuzi kwenye kiwiko, na mchungaji akasimama kando yake kumtafsiria kwa Kiswahili chake cha Kivu, kilichochanganyika na Kifaransa.

"Bon, bandugu," mchungaji alisema, "mama huyu anasema ivi: watoto bote kuwapatia viatu vya numero moya, kisha kuwaambia bakimbie sawa, ile haiko haki. Haki ni kupima muguu ya kila mutoto. Donc, mwenye iko na muguu kidogo, apewe kiatu yake."

Watu wakaitikia amina. Mimi nilikaa wima. Bi. Pawlak akaendelea, na mchungaji akamfuata.

"Anasema, alama za masomo wanazituma ku nyumba, munaziona. Lakini nani ananituma karatasi ya kuniambia mutoto wangu alikula na nani leo? Anasema mutoto mwenye iko peke yake hawezi kusoma, hata mukimupatia vitabu kumi. Anasema akiingia ku bodi, ataanzia pale."

Sijawahi kusikia mtu wa serikali, au anayetaka kuwa wa serikali, akiongea habari za mtoto wangu. Kisha akafungua daftari, akasema amekuja kusikiliza, si kuhubiri. Nani atamwambia kuhusu mtoto wake?

Kimya. Asiyewahi kuishi kambini hatakielewa kimya kile. Kambini mgeni mwenye daftari hapewi shida zako. Anachaguliwa mtu mmoja, anasimama, anashukuru, mgeni anaandika, anaondoka, na faili za watu zinabaki salama. Mchungaji alizungusha macho, yakatua kwangu, kwa sababu mimi ndiye katibu wa akina mama.

Nikasimama. Nilikuwa na maneno kamili mdomoni. Nikasema, "Tunashukuru sana kwa kututembelea. Watoto wako salama, shule ni nzuri, walimu ni wema. Mungu awabariki."

Wakapiga makofi. Nikakaa, nikajichukia.

Baadaye tulishuka chini kunywa chai. Kanyana alikuwa huko na watoto wa darasa la Jumapili, wale wa miaka tisa na kumi, wanacheza mchezo wa kupigiana viganja, na anacheka kwa sauti. Kanisani tu ndiko ninakosikia kicheko hicho. Bi. Pawlak alisimama akawatazama huku ameshika kikombe. Halafu akainama akamuuliza Kanyana kitu. Mtoto akasimama wima, mikono ubavuni, akajibu kama askari. Nilijua amejibu nini; tarehe yetu naijua kwa lugha yoyote.

Yule mama hakucheka kama wale makarani. Alimtazama Kanyana mikono, akamtazama meno, akanitazama mimi kidogo zaidi ya kawaida. Miaka thelathini na watoto wadogo. Kisha akanipa karatasi yake ya kampeni, akazungushia kwa kalamu mahali palipoandikwa kwamba kila Jumamosi asubuhi, mpaka siku ya kura, anakaa maktaba kuongea na wazazi.

Nilimpigia Sylveri siku hiyo hiyo.

"Nataka kusema," nilimwambia.

Hakuuliza kusema nini. "Caritas, umebakiza wiki saba. Wiki saba uape, mtoto naye awe raia, iishe."

"Haiishi. Septemba anakwenda sekondari, ana miaka kumi. Na wakiniapisha nikarudia tena tarehe ile, nitakuwa nimemzika Fides mara ya pili, na huyu juu yake."

"Usinitajie kuzika. Nani alichimba? Mimi nilichimba, kwa jembe la kuazima."

Nyuma yake nilisikia televisheni, watu wanashangilia mpira.

"Bado anaogopa mbwa?" akauliza.

"Siku hizi haogopi. Anataka tumfuge mmoja."

"Basi mwache abaki yule anayedhani ndiye yeye. Ukisema wewe, mimi simo. Nitasema sikujua." Akakata simu. Niliendelea kuishika sikioni kwa muda, nikijifanya bado naongea, ili Kanyana asije kuniuliza kitu.

Sasa nani atanitafsiria? Kiingereza changu ni cha maboksi na utepe, hakiwezi kubeba kaburi. Mchungaji Gakunzi ni mtu mwema, lakini akijua yeye atajua mkewe, na akijua mkewe limejua kanisa. Mkalimani wa simu naye humjui ni nani. Anaweza kuwa mtu wa Mtabila aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwako. Aliyebaki ni yule anayenitafsiria kwa daktari, kwa mwenye nyumba na kwa mtu wa umeme. Aliyebaki ni Kanyana.

Nilijiambia nitamweleza Ijumaa baada ya chakula. Ijumaa akaniimbia wimbo aliojifunza, sikuweza. Nikajiambia nitamweleza njiani. Njiani palikuwa na upepo kutoka mtoni, tulifunika midomo, na mimi nikafurahi kwamba tumefunika midomo. Ndivyo nilivyo mwoga. Niliingia maktaba ile na mtoto wangu bila kumwambia kinachomngoja.

Bi. Pawlak alikuwa peke yake. Alikuwa amepanga viti kumi na viwili duara, na chupa ya chai na vikombe vya karatasi, na hakuja mtu. Alipotuona alisimama haraka mpaka miwani ikamtoka. Tukakaa. Alifungua daftari.

"Mwambie nina jambo kuhusu mtoto wangu," nilisema.

Kanyana akamwambia, akinitazama kwa wasiwasi kidogo. Alidhani amekosa shuleni.

"Mwambie mtoto huyu si Fides."

"Mama?"

"Mwambie. Fides alikuwa dada yake, alifariki kambini. Huyu ni Kanyana. Alizaliwa baadaye, mwezi wa kumi, 2005. Ana miaka kumi. Tulimpa nafasi ya dada yake kwa sababu ya faili. Mwambie wamemweka na watoto wasio wa rika lake na hana mtu wa kula naye, na kosa ni langu, si lake."

Nilisema yote kwa pumzi moja nikiangalia meza, kwa sababu ningemtazama yeye nisingemaliza. Nilipoinua macho, Kanyana alikuwa amevuta mikono ya sweta mpaka imemfunika vidole. Hakulia. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, kama anarudia hesabu. Bi. Pawlak alingoja na kalamu yake. Mashine ya joto ilinguruma ukutani, ikanyamaza, ikanguruma tena.

Kisha mtoto akamgeukia yule mama na ule uso anaouweka kwa mwenye nyumba, uso wa mtu mzima, akasema sentensi fupi, tulivu, nzuri. Mengi ya maneno yake sikuyapata. Nilipata matatu. Nilipata *fourteen*. Nilipata *fine*. Nilipata *thank you*.

Bi. Pawlak akatabasamu, lakini tabasamu lenye swali, akaanza kuandika.

Nilielewa alichofanya mtoto wangu. Alikuwa amesikia kila neno, akachagua kubaki kule mwisho wa meza, na mkoba wake kwenye kiti, maisha yake yote ikibidi, ili mimi nisiondolewe. Nilimfundisha mwenyewe. Hakuna nilichowahi kumfundisha akakishika vizuri hivyo.

"No," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa, sauti ya kiwandani, na msichana wa maktaba akageuka. "No fourteen." Kumi kwa Kiingereza naijua, naijua tangu Louisville, lakini ilinitoka kabisa kichwani. Nikainua mikono yote miwili, vidole kumi, kama ninavyoinua kila siku mashine zikiharibika. Nikamwonyesha mtoto kwa kichwa. Nikaviacha vidole vyangu juu pale pale.

Kanyana akaninyakua mikono, anaivuta chini. "Mama, acha! Acha, watatutenganisha!" Alisema kwa Kiswahili. Miezi ilikuwa imepita sijamsikia akiniambia kitu kirefu kwa Kiswahili.

"Aliyekuambia hivyo ni mimi," nilimjibu. "Niliogopa, nikakuogopesha na wewe. Mwambie ukweli, mwanangu. Naomba."

Hapo akalia. Akalia kama mtoto wa miaka kumi, kwa kamasi na kwikwi, na katikati ya kwikwi akaanza kumweleza. Alieleza kwa muda mrefu. Sikuelewa ila jina lake, Kanyana, alilolisema mara mbili, mara ya pili polepole, ili yule mama alishike.

Bi. Pawlak alifunika kalamu yake. Ule ukurasa aliokuwa ameanza kuuandika aliuchana, akaukunja, akanipa mimi. Kisha akaongea, na Kanyana, macho yamevimba, akanitafsiria neno kwa neno. Alisema yeye ni mgombea tu na huenda akashindwa. Alisema nisimwambie mtu mwingine yeyote, wala shule, kabla sijaonana na wakili. Kuna ofisi inayowasaidia wakimbizi bure, na Jumatatu atatupeleka kwa gari lake. Kuhusu darasa, alisema mzazi anaweza kuomba mtoto asipandishwe darasa kwa ajili ya hali yake tu, bila kugusa tarehe, na atasimama nami kuomba, akishinda au akishindwa. Kuhusu uraia wangu alisema hajui.

"Anasema pole," Kanyana alimalizia. "Anasema pole kwa sababu ya..." Akasita. "Kwa sababu ya Fides." Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo kama jina la mtu mwingine.

Tulirudi kwa basi. Lilikuwa karibu tupu. Kanyana alitangulia, akakaa kiti cha mbele dirishani, akaweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. Sikuthubutu kuuondoa. Nikakaa kiti cha nyuma yake, nikawa natazama misuko niliyomsuka mwenyewe Alhamisi.

Tulipita vituo vitatu au vinne. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Angekuwa na kumi na nne?"

"Ndiyo."

"Angekuwa darasa la nane."

"Ndiyo. Angekuwa darasa la nane."

Akaegemeza kichwa kwenye kioo. Nilidhani amemaliza.

"Kumbe nilikuwa namshikia yeye kiti," alisema.

Baada ya muda aliuchukua ule mkoba akaupakata. Sikujua kama amenipisha nikae au ameuchukua tu, nikabaki pale pale nyuma yake mpaka kituo chetu.